Siku Mangi Alipoiba Cherehani ya Baba

Wiki iliyopita mlango wa chumba ninachopanga na rafiki yangu ulikuwa unalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Rafiki yangu alivumilia siku chache, halafu akatoka, akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani, akadondosha matone kwenye bawaba. Mlango ukanyamaza. Lakini ile harufu, nyembamba, safi, yenye chuma ndani yake, ilinikuta nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, na nikajikuta nacheka peke yangu.

"Nini tena?" akauliza.

"Kuna mtu aliwahi kutuibia cherehani," nikamwambia. "Alikuwa mtu mzuri sana."

Akavuta kiti. Nawasimulia na ninyi kama nilivyomsimulia yeye.

Tulikaa Kariakoo, upande ule ambako mitaa inaanza kushuka kuelekea bonde la Msimbazi. Nyumba ilikuwa ya Bi Hawa, Mzaramo aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo hiyo na aliyeirithi kwa mama yake pamoja na wapangaji na kesi zao. Ukumbi mrefu katikati, vyumba vikitazamana, uani jiko la pamoja lenye kuta nyeusi kwa moshi. Asubuhi ukumbi ulinukia udi wa Bi Hawa, mchana ulinukia dagaa wa mtu yeyote. Sisi tulikuwa vyumba vya mbele. Kimoja tulilala, baba, mama na mimi. Kingine kilikuwa karakana ya baba, kwa sababu baba alikuwa fundi cherehani, na dirisha lake lilifunguka moja kwa moja barabarani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Mangi. Ninyi mlio nje ya Bongo niwaeleze kwamba hilo ni jina la heshima la Wachaga, na kwa kuwa Wachaga wamejaa kwenye biashara ya maduka, mji mzima umezoea kumwita mwenye duka Mangi. Huyu wetu alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi mkono mmoja, na sauti ya kuuza sukari kwa watu walio mtaa wa pili. Sisi ni Wapare wa Usangi. Na Wapare na Wachaga, kama mnavyojua, ni watani: sisi tunataniwa kwa ubahili na kupenda kesi, wao kwa kupenda pesa, hata za wizi.

Kila asubuhi baba alipofungua dirisha, Mangi alikuwa tayari mlangoni kwake.

"Mpare! Leo unamshtaki nani?"

"Wewe. Sukari yako ina mchanga."

"Mchanga ni nyongeza. Nilisikia Wapare mnapenda vya bure."

Ikifika Desemba, Wachaga wa mtaa wetu wote wakifunga maduka na kupanda mabasi kwenda Moshi, Mangi wetu alibaki. Baba hakumwacha. "Mchaga gani haendi kwao Krismasi? Wenzako huko wanachinja, wewe unapima mchele!" Na Mangi angejibu, "Nikiondoka, nani atawauzia Wapare chumvi robo robo?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Bi Hawa alisema nikifika peponi nitamdai malaika kitambulisho. Nilimuuliza baba kwa nini anamruhusu yule mtu kumtukana kila siku, akaniambia mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana msibani kwako. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huna la kufanya ila kumpa kitu akirudishe. Nikauliza nani aliandika sheria hiyo. Baba akasema nikaoge.

Dhoruba ilikuja mchana, wakati wa masika, nikiwa nimetoka shule na bado nimevaa sketi ya bluu. Mvua tulikuwa tumeizoea. Upepo ule hatukuwahi kuuona. Mabati ya upande wetu yalianza kupiga makofi, taratibu kwanza, kama watu wasio na uhakika na mgeni rasmi, halafu kwa nguvu. Mama alinivuta chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nikasikia misumari ikitoka kwenye mbao, mlio mmoja mrefu, na nilipotazama juu, mahali palipokuwa na dari niliona wingu. Nakumbuka nilifikiri, kumbe wingu liko karibu hivi.

Yakaja maji. Mtaro wa barabarani ulifumuka ukaleta nyanya za watu, kandambili za watu, gunia tupu, na kuku mmoja juu ya ubao, mtulivu kama abiria aliyelipa nauli. Hakuna aliyekufa mtaani kwetu, na Bi Hawa alimshukuru Mungu kwa hilo kabla ya kutazama paa lake hata mara moja.

Asubuhi yake ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Wingu lilikuwa limerudi, jeusi, limekaa juu ya mji linasubiri. Karakana yetu haikuwa na paa. Juu ya meza, kanzu za Idd na sare za kwaya ya kanisani zilikuwa zimelaliana kwenye maji ya tope. Na katikati ya chumba, juu ya kigoda chake, alikaa baba, ameifunika cherehani kwa turubai na ameshika pembe za turubai hilo kwa mikono miwili.

Ilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia, aliyoachiwa na babu na kuja nayo kutoka Upareni. Vyote tulivyokula vilipitia kwenye sindano ile. Ada yangu ya shule pia. Kama mvua ingeinyeshea siku nzima, kutu ingeingia ndani kwenye vyuma vidogo visivyofikika, na baba angekuwa fundi asiye na kazi. Hata mimi, mtoto, nilijua hivyo.

Bi Hawa alikuja wa kwanza, amefunga khanga kiunoni kikazi. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza nusu ya paa.

"Mwanangu, ipeleke dukani kwa Mangi. Stoo yake kavu, vitu vyote kavipandisha juu ya mbao."

"Ahsante Bi Hawa. Tutajibanza hapa hapa."

"Basi chumbani kwangu."

"Ahsante. Hapa panatosha."

Hapakuwa na hapa. Kulikuwa na kuta nne na mbingu. Baba alikuwa mtu wa kwanza kufika kwenye msiba wa mtu na wa mwisho kuondoka, mtu wa kubeba jeneza na kuni, lakini mama alipomsihi nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Sijawahi kubebewa mzigo." Baada ya hapo hakusema neno tena.

Mangi alisimama mlangoni kwake ng'ambo ya matope.

"Mpare! Nasikia umeezua paa uanike nguo kwa jua la bure!"

Baba kimya.

"Bati lako limekuja kulala juu ya duka langu! Tutaonana mahakamani!"

Kimya. Watu waliokuwa wakichota tope milangoni waliinua vichwa kumtazama baba, kwa sababu neno mahakama lilikuwa limetajwa na Mpare hajajibu. Mangi alisubiri. Kisha akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza niliona mgongo wake ukiingia dukani polepole.

Mama aliniita pembeni. "Nenda kwa Mangi kanunue kiberiti. Umwambie mtani wake leo hajibu."

Nikavuka, tope hadi magotini.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba, mtoto wa mahakama. Unasemaje?"

"Mama anataka kiberiti. Na anasema mtani wako leo hajibu."

Alishusha miwani. "Amekula?"

"Hapana."

"Amemtukana mtu yeyote tangu jana?"

"Hapana."

"Hata serikali?"

"Hata serikali."

Alinipa kiberiti bila kutazama mkono wake. "Hali mbaya," akasema, si kwangu. Kisha akatoka barabarani na kumpigia mluzi kijana mwenye mkokoteni.

Nilifika nyumbani nyuma yao. Mangi aliingia karakana bila hodi, suruali imekunjwa, kifua mbele.

"Mpare, nakuibia," akasema.

Baba hakumtazama.

"Nimesema nakuibia. Cherehani yangu, vitambaa vyangu, pasi yangu. Upepo umekuvua paa, mimi nakuvua kilichobaki. Inuka, na kigoda nacho changu."

Nilimtazama mama anisaidie kuelewa. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mangi alishika pembe ya turubai. Baba alikaza. Walivutana hivyo, wanaume wawili wazima, bila neno. Halafu nikaona vidole vya baba vikiachia, kimoja baada ya kingine. Akainuka. Kigoda kikachukuliwa. Akabaki amesimama katikati ya chumba na futi yake ya kupimia shingoni, na Mangi na yule kijana wa mkokoteni wakabeba cherehani, wakabeba kanzu na sare za kwaya zikichuruzika maji, wakapakia, wakaondoka.

Nikafuata mkokoteni. Mtu ameniambia anaiba, na ameiba. Sikuona la kuongeza.

Kama mtaro usingefumuka, wangevuka barabara na mambo yangeisha. Lakini mkokoteni ukiwa na mzigo haukuweza kupita, ikabidi wazunguke kupitia kona ya chini, kule ambako hatukujulikana sana. Na tangu jana yake kulikuwa na vibaka waliozunguka nyumba zilizoezuliwa wakibeba bati na masufuria ya watu. Kila mtu alikuwa macho. Mtu mmoja aliyekuwa akitoa matope dukani kwake aliona mkokoteni umejaa vitu vilivyolowa, umetoka kwenye nyumba isiyo na paa, unasukumwa na mwanaume mwenye haraka.

"Mwizi!"

Kwa aliyekulia Kariakoo, sina haja ya kueleza neno hilo. Halihitaji kurudiwa. Wakatoka wapagazi, wakatoka wauza mitumba, mwingine na koleo mkononi. Kijana wa mkokoteni alitoweka, hadi leo sijui alipita wapi. Mangi alishikwa ukosi wa shati, miwani ikaning'inia kwenye sikio moja.

"Ni utani jamani! Mwenyewe ni mtani wangu!"

"Utani na cherehani? Leo? Watu wanalia, wewe unatania?"

Mmoja aliniona. Aliinama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mtoto mzuri, hivi vitu vya nani?"

"Vya baba."

"Baba kampa huyu?"

Nilifikiri. Nilikuwa mtoto wa kusema kitu kilivyo.

"Hapana. Kachukua mwenyewe. Kasema anaiba."

Sauti ya watu ilibadilika. Sijui niielezeje. Ilishuka chini, ikawa moja. Nilimwona Mangi akinitazama, na msinicheke, lakini niliona ametabasamu kidogo, kama mtu aliyeshindwa kwenye bao kwa mchezo mzuri.

"Eti mtani!" akasema yule mwenye koleo. "Haya, wewe kabila gani?"

Hapo Mangi alisita. Lilikuwa swali rahisi, mtoto wa chekechea angelijibu. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama juu ya vichwa vya watu kuelekea mtaani kwetu. Sikuelewa kwa nini alisita. Nilikaa na kusita kule kwa miaka mingi.

"Mwacheni!"

Baba alikuwa anakuja mbio, miguu mitupu, futi ikimpiga kifuani, Bi Hawa nyuma yake akishikilia khanga. Sijawahi kumwona baba akikimbia kabla ya hapo wala baada.

"Mwacheni! Huyo ni mwizi wangu!"

"Wako vipi?"

"Wangu mwenyewe! Mimi Mpare, yeye Mchaga! Ana haki ya kuniibia, nyinyi hamna haki ya kumpiga! Atakayemgusa, nawaapia, namfikisha mahakamani. Nitauza hata hiyo cherehani nilipe wakili!"

Halafu mtu akacheka. "Kweli huyu Mpare," akasema, na kicheko kikapita kwa watu kama moto kwenye nyasi kavu. Mkono ukatoka kwenye ukosi wa Mangi, mwingine ukamrudishia miwani puani. Bi Hawa alifika akihema, akawaambia, "Mna nguvu za kupiga, hamna za kusukuma? Mkokoteni huo." Wakausukuma. Yule mwenye koleo alitangulia akisafisha njia. Baba na Mangi walitembea nyuma, na nikasikia baba, sauti imekwaruza kwa kutotumika, akisema, "Hata kuiba hujui. Mchaga wa wapi wewe."

Mvua ilianza tulipofika. Ilinyesha siku nzima. Cherehani ilikuwa ndani ya stoo, juu ya mbao, kati ya magunia ya maharage.

Mangi alitangaza masharti ya kukomboa mali mbele ya watu wote. Baba atakaa barazani kwa duka lake, pakavu, na kushona hapo mpaka Mangi achoke kuona uso wake, na kabla ya kuondoka amshonee suruali itakayoenea tumbo lile lote. Baba akasema kitambaa hicho hakijafumwa bado. Lakini akakaa, akaweka mafuta kwenye cherehani, tone hapa, tone pale, akizungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Ndiyo harufu ile.

Bi Hawa na mama walifua kanzu na sare pamoja, wakazikausha kwa pasi ya mkaa, kwa zamu, mvuke ukijaa ukumbi hadi hamuonani. Kina mama wa kwaya walikuja na sufuria ya ndizi, majirani wa msikitini na sinia la wali, na kwa kuwa jiko la uani lilikuwa limejaa maji, vyote viliwekwa barazani kwa Mangi na hakuna aliyeuliza kipi cha nani. Mabati yalirudi moja moja vichwani mwa watu, mengine yamekunjamana kama karatasi ya maandazi. Vijana wa kona ile ya chini, wale wale, ndio waliopanda kugongelea paa la Bi Hawa. Yule mwenye koleo alinipungia mkono kutoka juu. Mangi hakuchoka kuona uso wa baba hadi paa lilipokamilika, ndipo akachoka ghafla, siku hiyo hiyo, na kumfukuza kwa matusi.

Nilipofika chuo kikuu, mhadhiri wetu alifundisha utani wa makabila kama utaratibu wa kupunguza migogoro. Nikainua mkono. Nikauliza kama si ukabila uliovishwa nguo ya kuchekesha, na kama mtu anaweza kupata haki juu ya mali ya mwenzake kwa kuzaliwa mlima fulani. Akasema ni swali zuri, jambo ambalo wahadhiri husema wakitaka kuendelea na somo. Bado naliona swali zuri.

Mwaka huu Mangi aliamua kuzeeka kwao. Duka akamwachia mtoto wa dada yake, na baba akanituma nimsindikize stendi ya Mbezi kwa sababu mizigo ilikuwa mingi. Nilibeba begi hadi mlango wa basi, nikasoma kibao, nikamshika mkono.

"Mangi, hili sio la Moshi. Hili la Singida."

"Sasa Moshi nikafanye nini?" akasema. "Sina hata shangazi kule. Mimi Mnyiramba, mama."

Nilisimama na begi lake.

"Nilipofungua duka watu wakaniita Mangi," akasema, akipanda ngazi moja moja. "Nikaona jina linauza. Halafu baba yako akafungua dirisha akaanza kunitukana. Ningefanyaje? Nimwambie amekosea?" Akacheka, akageuka. "Msalimie. Mwambie ile suruali imenibana."

Nilimpigia baba kabla basi halijatoka stendi.

"Baba. Mangi sio Mchaga."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Mwaka ule ule alipofungua duka. Nilimuuliza kwao wapi, akasema Kibosho. Nikamuuliza Kibosho ipi, akasema ile kubwa. Hakuna Mchaga anayejibu hivyo."

Nikakumbuka kona ile, ukosi wa shati, swali rahisi, na macho ya mtu akitazama juu ya vichwa vya watu. Jibu la kweli lingemuua, maana Wanyiramba si watani wa Wapare. Jibu la uongo lilihitaji mtu wa kulithibitisha, na mtu huyo alikuwa amekaa nyumbani hasemi na yeyote.

"Ulisema mbele ya watu wote kwamba ni Mchaga."

"Nilisema."

"Kwa hiyo hakuwa mtani wako, baba. Hakuwa na haki ya kuchukua kitu chochote mle ndani. Na wewe ulijua hana."

Nilisubiri anijibu. Nilikuwa na swali la pili tayari, na la tatu. Nikasikia kigoda kikivutwa, simu ikiwekwa juu ya meza, kisha mguu ukishuka kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza kwenda.